Aliyegusa Mwisho

Intaneti ya waya ikikatika nyumbani, swali la kwanza huwa ni hili: "Nani kagusa hapa?" Linasikika kama uchunguzi, lakini kwa kweli ni msako. Na katika nyumba nyingi jibu lake linajulikana hata kabla ya kuulizwa. Ni dada wa kazi, kwa kuwa asubuhi alifagia nyuma ya meza ya televisheni. Au ni mdogo wenu, kwa kuwa jana alihamisha laptopu.

Je, kuwa wa mwisho kugusa kitu kunatosha kumfanya mtu awe mkosaji?

Hoja ya wanaoshtaki ni nyepesi: jana ilikuwa inafanya kazi, leo fulani kapita hapo, leo haifanyi kazi. Lakini wahenga walishatuonya kuwa jogoo awike asiwike, kutakucha. Mambo mawili kufuatana hakufanyi moja liwe mzazi wa jingine.

Fundi mzuri huanzia kwingine. Haulizi watu, anauliza vitu. Anatazama taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya. Kama haiwaki, shaka iko kwenye waya, plagi au tundu. Anachomoa na kuchomeka tena mpaka plagi ilie "tik". Anajaribu waya mwingine. Asipoona badiliko, anarudisha ule wa kwanza na kujaribu tundu jingine la ruta. Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha vitatu kwa mpigo unaweza kupata intaneti bila kupata ukweli.

Taa ikiwaka, anasogea mbele. Anatazama anwani ya IP. Ikianza na 169.254, maana yake laptopu iliomba anwani, haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Ikiwa anwani ni nzuri, anatuma amri ya ping kwa ruta. Ruta ikijibu, waya wa ndani hauna hatia. Kisha anatuma ping nje, kwa namba kama 8.8.8.8. Namba ikijibu ilhali tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi ugonjwa uko kwenye mfumo unaogeuza majina kuwa namba.

Tazama kinachofanyika hapo. Kila hatua inaweza kumtia hatiani mtuhumiwa, na inaweza pia kumwachia huru. Hiyo ndiyo haki. Swali la "nani kagusa?" halina uwezo huo. Akikiri, ana kosa. Akikana, ni mwongo.

Tena, waya wenyewe una historia ndefu. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji jozi mbili tu. Megabiti 1000 huhitaji zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, wakati mwingine intaneti haifi, inapungua kasi tu, na watu wanaishi hivyo kwa miezi. Waya uliopitishwa chini ya mlango huumia kila mlango unapofungwa. Siku unapokata roho, anayekamatwa ni yule aliyekuwa karibu na maiti.

Na wakati mwingine maiti haiko nyumbani kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Kwenye kioo cha laptopu dalili zilikuwa zilezile: ukurasa unazunguka, haufunguki. Ufagio wa nani ulifika huko?

Utaniambia kuwa mara nyingine ni kweli dada aliuvuta waya. Sikatai. Basi kipimo cha kwanza kitaonyesha, na dawa ni kusukuma plagi kwa kidole. Litabaki swali la nani aliyeupitisha waya kwenye njia ya ufagio.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba shaka yetu huteremka tu, haipandi. Laptopu ya baba ikijisasisha usiku na kuvuruga mipangilio, hakuna anayeuliza "nani kabofya?" Wenye kuuliza ndio wasioulizwa. Na gharama hazilingani. Ukiushuku waya bure, umepoteza dakika kumi. Waya hauweki kinyongo, wala haukatwi mshahara. Ukimshuku mtu bure, hasa asiye na pa kukimbilia, umemfundisha kwamba ndani ya nyumba hii yeye ni mtuhumiwa wa kudumu. Kesho ataona kweli kitu kimeharibika, naye atanyamaza.

Kwa hiyo naona kuna mpangilio wa shaka unaotupasa: tuanze na visivyoumia. Taa, plagi, waya, ruta, anwani, kampuni. Mtu awe wa mwisho, na afikiwe kwa ushahidi.

Na kama ulishamtaja mtu, kisha ikabainika kuwa hitilafu ilikuwa kwenye nguzo ya mtaani au baharini, kazi haijaisha intaneti inaporudi. Mwite, umwambie kuwa hakuhusika. Mwambie kwa sauti ileile uliyomshtaki nayo, na mbele ya walewale waliosikia.