Beki Juu ya Barafu
Kutoka Nyabugogo, hapa Kigali, huondoka mabasi ya kwenda Nairobi. Huko wapo Ice Lions, timu ya hoki ya barafu.

Walijifunzia katika hoteli ya Panari, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2005, mdogo kuliko viwanja vya kimataifa. Beki wa mchezo huu huteleza kinyumenyume kwa kasi, macho yasimtoke mshambuliaji. Uwanja ukiwa mfupi, muda wa kufikiri haupo. Kazi hiyo inastahili sifa nyingi kuliko inazopata.

Kwa miaka mingi walikosa wapinzani. Mwaka 2018 walisafiri hadi Toronto, Kanada, wakacheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia.