Nati Iliyoshikwa na Gundi

Je, mtu asiyetamka neno la uongo amesema kweli? Swali hili tumezoea kuuliza juu ya ulimi. Leo tuliulize juu ya mikono, na mfano wetu utoke karakana: kazi ya kufunga mabomba ya moshi katika pikipiki ya zamani inayofufuliwa.

Tuchukue Norton Commando, pikipiki ya Uingereza iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Injini yake ina silinda mbili, na kila silinda ina bomba lake. Bomba hushikwa na nati kubwa inayoingia katika hesi zilizokatwa ndani ya silinda hedi, nayo ni ya aluminiamu. Nati ikilegea, mtikisiko wa injini husaga hesi hizo laini mpaka ziishe. Kwa hiyo fundi mwangalifu hana haraka. Huweka gasketi mpya, kisha hushikiza nati, bomba na sailensa bila kukaza, ili kila kimoja kipate mahali pake; maana bomba lililolazimishwa halitulii. Ndipo hukaza, akianzia kwenye silinda hedi. Huwasha injini ipate moto, hukaza tena, na baada ya safari ya kwanza hurudia.

Lakini ikiwa hesi zimekwisha? Dawa inajulikana: kupanua tundu kwa mashine na kutia pete mpya ya bronzi yenye hesi zake. Kazi hiyo ina gharama. Njia ya mkato ni kupaka gundi ya kustahimili moto, kuizungusha nati mpaka ishike, na kung'arisha kromu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kumbe hata kibaya kikipakwa kromu hujiuza.

Wako watakaosema, "Mnunuzi ana macho, na muuzaji hakudanganya." Hatukubali. Macho ya mnunuzi huishia kwenye nati. Hesi zimo ndani. Anayejua ni mmoja tu, na ajuaye ndiye mwenye deni la kusema.

Wengine watasema kwamba kufufua kitu chochote ni kuficha uzee wake, kwa hiyo kromu mpya nayo ni hila. Hoja hii ina uzito zaidi, lakini tuipime. Kazi ya mikono husema. Kromu juu ya bomba zima husema, "Bomba hili ni zima," na ni kweli. Nati iliyoshikwa na gundi husema, "Nimeshika hesi," na si kweli. Basi hatia haimo katika kupendeza, imo katika kushuhudia kisichokuwapo.

Tena hasara haimpati aliyeificha. Nati italegea siku moja barabarani, mikononi mwa mtu aliyelipa kwa kuamini, na yeye ndiye atakayegharimia pete ile.

Je, asiye na fedha za pete afanye nini? Aseme tu, "Hesi zimekwisha." Bei itashuka. Kiasi kile kilichoshuka si hasara, kwani hakikuwa chake tangu mwanzo. Nasi tusio na pikipiki tuna nati zetu, katika hesabu, katika ujenzi, katika ahadi. Tuzikague kabla mwingine hajasafiri nazo.