Mkongwe Asiyepigana: Utumishi wa Jeshi Wakati wa Amani

Dhana ya mkongwe wa jeshi, yaani mtu aliyelitumikia jeshi la nchi yake na kisha akaagana nalo, huonekana nyepesi mpaka pale anapotajwa mtu aliyevaa sare kwa miaka mingi bila kusikia hata mara moja mlio wa risasi ya adui. Kiswahili chenyewe hakimtendei haki mtu huyo, kwa kuwa anayesema "mkongwe wa vita" ameshatanguliza vita kabla ya kuuliza lolote, na anayesema "askari mstaafu" amemwacha nje kijana aliyetumikia miaka mitatu na kuondoka bila kufikia umri wa kustaafu. Hata neno "mkongwe" linabeba uzee na uchakavu, ambavyo mtu wa miaka ishirini na mitano hana.

Marekani ni miongoni mwa nchi ambazo swali hili limepenya hadi ndani kabisa ya sheria. Sehemu ya 38 ya sheria za shirikisho inamtambua kuwa mkongwe kila aliyetumikia jeshini kwa utumishi kamili na akaachiliwa kwa masharti yasiyo ya fedheha, na katika fasili hiyo vita havitajwi popote. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inapofika kwenye pensheni ya wakongwe wenye kipato kidogo, inadai kwamba angalau siku moja ya utumishi wao iwe imeangukia katika kipindi kinachohesabiwa kisheria kuwa cha vita. Kipindi cha Vietnam kilifungwa tarehe 7 Mei 1975, na kile cha Ghuba kikafunguliwa tarehe 2 Agosti 1990, kwa hiyo miaka kumi na mitano iliyo katikati ni ya amani. Lakini ndani ya amani hiyo, tarehe 18 Agosti 1976, maofisa wawili wa Kimarekani waliuawa kwa mashoka huko Panmunjom, kwenye mpaka wa Korea mbili, katika ugomvi uliozuka juu ya kupogolewa kwa mti. Na mwezi Oktoba 1983 bomu liliwaua wanajeshi 241 wa Marekani mjini Beirut. Karani aliyepanga majalada katika kambi ya Kansas mwaka 1995 anahesabiwa kuwa na utumishi wa vita, na mlinzi aliyekesha Panmunjom siku zile za Agosti anahesabiwa kuwa na wa amani, jambo ambalo ni vigumu kulitetea mbele ya mtu mwenye kupenda haki.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel, katika makala walizozitoa mwaka 1976, waliliita tatizo la namna hii bahati ya kimaadili, yaani hali ambapo mtu hupewa sifa au lawama kwa jambo lililotegemea mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Aliyeapa mwaka 1967 na aliyeapa mwaka 1977 walitamka kiapo kilekile, lakini wa kwanza alipelekwa Da Nang, Vietnam, na wa pili akapelekwa Ujerumani, wala hakuna kati yao aliyechagua.

Pengine jibu ni kuitazama hatari yenyewe, popote ilipotokea. Nyambizi ya Kimarekani iitwayo Thresher ilizama tarehe 10 Aprili 1963 ikiwa katika majaribio ya kuzamia, ikawaua watu wote 129 waliokuwamo, na kati yao 17 walikuwa mafundi wa kiraia. Bahari haikuwabagua, na huzuni ya jamaa zao haikupishana. Hata hivyo fundi, kama angelishuka salama jioni ile, angeweza kesho yake kukataa kupanda tena na kutafuta kazi nyingine, ilhali baharia angekataa angeshtakiwa. Jenerali Mwingereza John Hackett aliuita mzigo huu wa askari dhima isiyo na ukomo: askari ametoa ridhaa yake kabla ya kujua ataombwa nini. Hapo ndipo hasa ukongwe unapoanzia, katika kuikabidhi haki ya kukataa, na kitendo hicho hukamilika siku ya kiapo hata kama amri ya kwenda vitani haitoki kamwe.

Waliomwaga damu wana sababu ya kunung'unika wanaposikia hayo, hasa kwa kuwa Uingereza humhesabu kuwa mkongwe hata aliyetumikia siku moja tu. Manung'uniko yao yanastahili kusikilizwa, kwani aliyezika wenzake anadai kitu ambacho mlinzi wa ghala hadai. Lakini kitu hicho kina njia zake, nazo ni nishani, fidia na matibabu, na hakuna kinachopungua katika hivyo kwa jina kuwaenea wengi.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Marekani ilitunga sheria ya kuwatambua kuwa wakongwe wanajeshi wa akiba waliotimiza miaka ishirini bila kuitwa kwenye utumishi kamili unaotosha kisheria. Sheria hiyo ilitamka wazi kwamba utambuzi huo hauwaongezei malipo yoyote, na waliokuwa wameupigania kwa miaka kadhaa walilijua hilo tangu mwanzo.