Mwalimu wa Awendo, Toa Hiyo Kamera Mfukoni

Mwalimu, mara ya mwisho kupiga picha shuleni ulipiga nini?

Nikisie? Mgeni wa heshima akikata utepe. Walimu siku ya wazazi, suti zimenyooka. Mbuzi, kabla hajawa nyama.

Na somo la sayansi je? Mtoto wa Gredi ya Tano akigundua jambo kwa mara ya kwanza maishani mwake? Hakuna hata picha moja.

Kamera unayo. Imo mfukoni mwako sasa hivi, inapata joto bure.

Usiniambie shule haina maabara. Usiniambie unangoja serikali. Tangu 2016 serikali imegawa vishikwambi kwa shule za msingi, na ni shule ngapi zimevifungia kabatini mpaka leo? Fungua. Futa vumbi. Mtaala unadai ujuzi wa kidijitali, nawe unaufundisha kwa kuchora kompyuta ubaoni?

Kwa chaki!

Tazama dirishani. Miwa. Mtoto wa Awendo amekua akiona trela zikielekea kiwanda cha sukari cha SONY, na muwa mmoja mmoja ameuchomoa trela ikipanda mlima (wewe pia ulichomoa, usijifanye). Ameuona muwa kila siku ya maisha yake. Lakini je, amewahi kuutazama?

Mpe kamera. Achague shina moja tu. Asimamishe rula kando yake, alipige picha kila Jumatatu, akisimama pale pale, saa ile ile. Muhula ukiisha azipange picha zake kwa tarehe. Atasoma sentimita, atachora grafu, kisha atakugeukia akuulize: mbona ile wiki ya jua kali muwa wangu haukusogea?

Swali lake mwenyewe. Hukumpa wewe.

Nenda kwenye mahindi ya nyanya yake. Si kuna kayongo, lile gugu lenye maua ya kupendeza na roho mbaya? Ling'oeni pamoja na muhindi wake, aoshe mizizi, asogeze kamera karibu. Kitabuni, kimelea ni neno la mtihani. Kwenye picha yake ni mwizi aliyekutwa mdomo ungali chunguni.

Sasa, sharti moja, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Picha za kamera hizi hazina gharama, kwa hiyo mtoto atabofya mia asitazame hata moja. Mpe tatu tu. Na kabla ya kubofya aseme kwa sauti anatafuta nini.

Simu moja, watoto sitini? Makundi kumi, dakika tatu tatu: mmoja apige, mmoja ashike rula, wengine waandike wanachokiona.

Bando? Picha haili bando.

Itaanguka? Ifunge kamba, aivae shingoni.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu? Sawa kabisa. Wewe unaruhusiwa!

Una kisingizio kingine?

Thimlich Ohinga imo katika kaunti yako hii hii ya Migori. Kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, zimesimama karne nyingi, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika Urithi wa Dunia. Wageni wanavuka bahari kuja kuzipiga picha. Wanafunzi wako je? Wapeleke. Kila mmoja apige picha jiwe moja tu, jinsi lilivyolala juu ya jirani yake, arudi aeleze kwa nini halidondoki. Hiyo ni fizikia, na ni historia ya kwao.

Au unadhani mtoto hawezi?

Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi 1943. Alikuwa mvulana wa shule Dar es Salaam alipoipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mitumba, kiboksi tu. Julai 1969 alifika na kamera yake muda mfupi baada ya waziri Tom Mboya, mwana wa Rusinga kule Homa Bay, kupigwa risasi Nairobi. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu mzima uliokuwa umelala.

Kiboksi cha mitumba! Simu yako inakizidi mara ngapi?

Na huyo anayesinzia dawati la nyuma darasani mwako, umeshamwekea nini mkononi zaidi ya kalamu?

Usingoje muhula mpya. Usingoje semina. Miwa inakua usiku huu huu, wala haikungoji.

Kesho saa mbili kengele italia. Betri yako iko asilimia ngapi?