Bega Linaloruka
Mtoto ameketi mbele ya sahani ya sombe. Macho yanapepesa, bega linaruka, koo linaguna. Tunamfokea: acha! Anajibana kidogo, kama mtu anayezuia chafya, kisha tendo hilo linamtoka kwa nguvu zaidi. Si pepo, wala si utundu. Daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alieleza hali ya namna hii mwaka 1885. Chanzo chake kiko katika ubongo. Uchovu na hofu huizidisha, na watoto wetu wa Ituri wameonja hofu nyingi mno. Wengi hupata nafuu wakikua. Leo mweleze mwalimu wa mtoto wako pembeni, usiku alale mapema. Na bega likiruka, endelea tu na hadithi uliyokuwa unamsimulia.