Sitara ya Dhambi si Sitara ya Maradhi

Ndugu msomaji, lugha yetu imeyapa maradhi fulani jina zito: maradhi ya zinaa. Jina hili lina ukweli wake, kwani zinaa ni mlango mpana wa maradhi hayo, na aliyeufunga mlango huo amejikinga na mengi. Lakini pia latoa hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa. Mke aliyetulia nyumbani huambukizwa na mumewe katika ndoa ya halali. Mtoto huambukizwa kaswende tumboni mwa mama yake, na huenda akazaliwa maiti. Je, hawa nao wamezini?

Swali tunalotaka kulipima ni hili: kijana aliyeteleza, akatubu, na sasa ataka kuoa, je, aisitiri hali yake au aiseme?

Wengi hujibu upesi kwamba Muislamu ameamrishwa kujisitiri, wala asitangaze maovu aliyoyatenda kwa siri. Ni kweli. Lakini tutenge mambo mawili. Dhambi iliyopita ni baina ya mja na Mola wake. Akishatubu, hapana haja ya kuisimulia barazani. Maradhi hayakupita. Yamo mwilini, na kesho yataingia katika mwili wa mtu asiyejua lolote. Muuza mbuzi afichaye ila ya mnyama wake twamwita mlaghai, na fiqhi yampa mnunuzi haki ya kumrudisha. Vipi basi tumsifu kuwa ana haya yule amfichaye mchumba wake jambo litakalomdhuru yeye na kizazi chake?

Wala asiseme mtu, "Mimi najiona mzima." Kidonda cha kwanza cha kaswende aghalabu hakiumi, nacho hupoa chenyewe bila ya dawa. Kijana hufurahi akidhani amepona, kumbe ugonjwa umejificha, na baada ya miaka waweza kuudhuru moyo na ubongo. Kisonono na klamidia mara nyingi hazimwoneshi mwanamke dalili yoyote, huku zikiharibu mirija yake ya uzazi. Halafu akikosa kuzaa, ni yeye anayelaumiwa. Virusi vya UKIMWI navyo hukaa mwilini miaka mingi, na mwenye navyo yuatembea na kucheka kama wenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizo mapya milioni 374 ya maradhi manne: kaswende, kisonono, klamidia na trikomona. Yote manne yana dawa! Kaswende huponywa kwa penisilini. Hata mwenye virusi vya UKIMWI, akimeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Basi mara nyingi kinachotuangamiza si ukosefu wa dawa, bali ni kuficha.

Jawabu letu ni hili. Kijana na apimwe kabla ya kuoa au kuolewa. Akikutwa na ugonjwa, atibiwe mpaka amalize dawa. Na kama tayari ana mwenza, watibiwe wote wawili, wala wasikaribiane mpaka daktari awaruhusu. Na ukiwa ni ugonjwa wa kudumu, amwambie mchumba wake kabla ya nikaha. Aseme ugonjwa, si lazima aseme aliupataje. Hapo ameihifadhi sitara yake, na hakumdhulumu mtu.

Lakini wajibu si wake peke yake. Kijana akijua kwamba jirani atamkodolea macho mlangoni kwa daktari, na kwamba muuguzi atalipeleka jina lake mtaani, hatakwenda. Atanunua vidonge dukani, ameze nusu, aache, na vijidudu vya kisonono vizidi kuwa sugu. Sisi tunaosengenya ndio tuliomfukuza hospitali, na tuna fungu letu katika madhara yatakayomfika mkewe.

Ndugu msomaji, haya ni pambo la muumini pale inapomzuia kufanya ovu. Inapomzuia kujitibu na kumwokoa mwenziwe, hiyo si haya tena, bali ni woga uliovishwa kanzu. Mwenyezi Mungu atupe sitara iliyo ya haki, na awahifadhi vijana wetu. Amin.