Je, Farasi Hulisha Nyumba?

Wapo waume wanaowaambia wake zao kwamba kubashiri mbio za farasi ni biashara. Tuipime hesabu. Katika mtindo ulioanzia Ufaransa miaka ya 1860, fedha za wote hutiwa chungu kimoja. Mwenye mchezo hukata sehemu yake kwanza, ndipo washindi hugawana masalio. Tuseme zimewekwa shilingi 1,000, akakata 200: zinarudi 800. Kwa jumla wachezaji hupoteza, na anayepata faida huitoa mifukoni mwa wenzake. Katekisimu (Na. 2413) haisemi mchezo wenyewe ni dhambi, bali huukataa unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Basi, kiasi cha burudani kipangwe na wote wawili, karo isiguswe.